Waraka wa Kuwapumzisha Mabeki

Wakazi wa Keldavik walitangaziwa rasmi, kabla hata sahani za samaki hazijaondolewa mezani, kwamba mji wao umeingia katika zama mpya za magongo ya barafuni. Aliyetangaza ni Bwana Lorne Thorvardson, Mwenyekiti wa Tume ya Maendeleo ya Magongo. Alitangaza akiwa amesimama juu ya kiti, kwa sababu kipaza sauti cha ukumbi kilikuwa kimeharibika kwa baridi na fundi wake alikuwa ziwani anavua.

"Ndugu wadau," alisema, "Tume imekaa, imetafakari kwa kina, na imejiridhisha. Naomba nisome Waraka Namba Moja."

Wadau waliendelea kula. Kwenye baridi ya jimbo letu la Manitoba, mwezi wa Novemba, samaki akishapoa ndiyo basi tena.

Tatizo lenyewe kila mtu alilijua. Mchezaji wa upande wa pili akicheza rafu, refa humpeleka kizimbani akakae dakika mbili, na wenzake hubaki wanne dhidi ya watano wa kwetu. Muda huo huitwa nguvu ya ziada, na ndipo timu zenye akili timamu hufunga. Keldavik ilikuwa haifungi. Vijana walipasiana kile kisahani cheusi huku na huku, kama familia inayopitishiana bakuli la kabichi ambayo hakuna anayeitaka, mpaka dakika zikaisha na mfungwa akatoka kizimbani amepumzika vizuri.

Mwenyekiti alikuwa amegundua chanzo. Makocha wote wa ukanda wa ziwa, nguvu ya ziada ikifika, huingiza washambuliaji watatu na mabeki wawili, au wanne na beki mmoja. Beki husimama nyuma, kwenye mstari wa buluu unaotenga eneo la goli la wapinzani, akipiga mashuti ya mbali huku akiangalia mlango wa nyumbani.

"Beki," alisoma Mwenyekiti, "ni mtumishi aliyeajiriwa kukaba. Wakati wa nguvu ya ziada, adui ni pungufu, hivyo hakuna cha kukaba. Kwa mantiki hiyo, beki aliyeko barafuni muda huo ni mtumishi hewa. Kuanzia leo, nguvu ya ziada itatekelezwa na washambuliaji watano. Mabeki watapumzishwa kwa heshima zote."

Kwenye meza ya karibu na jiko, Orest Humeniuk aliinua uma. Orest ndiye dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, jirani wa Mwenyekiti ukuta kwa ukuta, na beki wa Keldavik tangu enzi ambazo nywele zake zilikuwa bado zinahitaji kitana.

"Swali, Mwenyekiti. Kisahani kikitupotea, wakakimbia nacho, nani atakuwa nyuma?"

"Kifungu cha pili." Mwenyekiti alifunua ukurasa. "Kisahani hakitaruhusiwa kuvuka mstari wa buluu kurudi upande wetu."

"Wao wameambiwa?"

"Nakala itatumwa kwa wadau wote."

Orest aliteremsha uma. "Huyu bwana anauza bima," aliwaambia wenzake wa mezani kwa sauti ya kawaida. "Bima ya moto, bima ya mafuriko, bima ya trekta. Halafu yeye ndiye anayefuta mabeki."

Watu walicheka sana. Mwenyekiti alishuka kitini akiwa ameridhika kwamba Waraka umepokelewa kwa furaha.

Kocha wa timu alikuwa Marlene Kostiuk, dereva wa basi la shule, mwanamke ambaye hajawahi kupandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alikuwa na maoni yake kuhusu Waraka, lakini Tume ndiyo iliyolipia barafu, kwa hiyo aliutekeleza herufi kwa herufi. Mechi ya kwanza, nguvu ya ziada ya kwanza, aliingiza washambuliaji watano.

Waliingia kama watu wanaokwenda harusini. Wote watano walisogea mbele ya goli la wageni, kila mmoja akisubiri apewe yeye, kwa kuwa kazi ya mshambuliaji ni kufunga na hakuna kati yao aliyeajiriwa kusubiri nyuma. Mgeni mmoja alinyoosha gongo lake, akakigusa kisahani. Kisahani kikavuka mstari wa buluu bila kuomba kibali. Yule mgeni akakifuata taratibu, hana wa kumfukuza, akamkuta kipa wetu amesimama peke yake kama mtu aliyeachwa kituoni na mabegi ya familia nzima. Goli. Nguvu ya ziada ya pili ikawa hivyo hivyo, ila huyu wa pili alipata hata muda wa kumsalimia kipa.

Kikao cha tathmini kilifanyika Alhamisi, kwa kahawa na keki.

"Kabla ya Waraka," alisema Mwenyekiti, "nguvu ya ziada ilikuwa haizai kitu. Sasa kila nguvu ya ziada inazaa goli. Ndugu wajumbe, hayo ni mageuzi."

"Magoli tunafungwa sisi, Lorne," alisema Marlene.

"Hiyo ni changamoto ya mwelekeo. Idadi tumeshaipata."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Keki ilikuwa nzuri.

Habari zikazagaa ziwa zima. Timu za mbali, ambazo zamani zilicheza na Keldavik kwa adabu, zikagundua kwamba ukihitaji goli, njia ya mkato ni kumfanyia mtu wa Keldavik rafu. Basi wakawa wanatufanyia rafu kwa zamu. Marlene alijikuta anafanya kazi ambayo hakuna kocha aliyewahi kuifanya.

"Refa, tafadhali," alisema mechi moja, ameegemea ukingo wa benchi. "Kijana wa watu hakukusudia."

"Kocha, amemkaba mchezaji wako shingo."

"Ni mapenzi tu. Wanajuana. Msamehe."

"Siwezi. Dakika mbili."

Yule aliyekabwa alikuwa bado amelala barafuni. Alijiinua kwa kiwiko. "Sijaumia, refa. Mama yangu yuko pale jukwaani, muulize, mimi huwa naanguka tu."

Refa hakubadili uamuzi. Jukwaa zima liliguna kama watu waliosomewa hukumu, na mfungwa akaenda kizimbani akiwapungia mkono wenzake. Muda mfupi baadaye tulifungwa.

Mwenyekiti hayo aliyastahimili kama kiongozi. Kilichomsumbua ni theluji. Miaka yote Orest, akimaliza barabara kuu asubuhi, hupitisha gari lake mbele ya nyumba ya Mwenyekiti na kumsafishia njia ya kutokea. Baada ya Waraka aliendelea kumsafishia, hakuruka hata siku moja, ila sasa aliacha tuta moja mlangoni mwa njia, refu kufika magotini, gumu kama saruji. Mwanzoni Mwenyekiti alidhani ni uzembe wa mtambo. Kisha siku moja, akiwa anachimba huku miwani imeingia ukungu, akaelewa, na ikamuuma. Yeye na Orest walijifunza kuteleza pamoja kwenye ziwa hilo hilo, wakishikana mikono ili wasianguke, wakaanguka pamoja.

Ndiyo maana akaanzisha Programu ya Kubadilisha Kada. Beki yeyote mwenye sifa angeweza kusailiwa na kuidhinishwa kuwa mshambuliaji. Mwombaji alikuwa mmoja, na hakuwa ameomba. Usaili ulifanyika katika ofisi ya bima.

"Uko mbele ya goli la adui," alisema Mwenyekiti. "Kisahani kimepotea. Wanakimbia nacho kwetu. Utafanya nini?"

"Nitarudi," alisema Orest.

"Mshambuliaji hafanyi hivyo."

"Najua. Nimewaona."

Mwenyekiti alikohoa. Alitaka kwa moyo wote jirani yake afaulu. "Nakupa swali jepesi. Kipaumbele chako ni kipi msimu huu?"

"Jirani yangu apone."

"Orest, nisaidie nikusaidie."

"Uliza lingine basi."

"Ukiona nafasi ya kufunga, na nyuma hakuna mtu, unachagua nini?"

Orest alifikiri kwa uaminifu, maana ni mtu asiyejua kujibu kwa kupendeza. "Nachagua nyuma," alisema.

"Hujafuzu," alisema Mwenyekiti, kwa huzuni ya kweli. "Tume itakujulisha nafasi zikipatikana."

Orest alivaa kofia yake ya sufu. Mlangoni alisimama. "Msimu huu ukiisha natundika viatu, Lorne. Sina kinyongo. Nimechoka tu kukaa benchi nikitazama nyumba yetu iko wazi na mimi funguo ninazo."

Siku hiyo Mwenyekiti alirudi nyumbani, akabakisha chakula. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, ni majukumu.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa dhidi ya Ridgemere, na mshindi ndiye angeingia mtoano. Dhoruba ilianza alfajiri. Barabara ya kusini ikafungwa, na washambuliaji wetu kadhaa wakakwama huko huko wanakofanya kazi. Ya kaskazini ilibaki wazi kwa sababu Orest aliisafisha mwenyewe tangu asubuhi, na ndiyo waliyopitia Ridgemere, wakafika wote, wazima, wamepiga usingizi ndani ya basi.

Hata hivyo Keldavik walijitutumua. Zikiwa zimesalia dakika chache matokeo yalikuwa sare. Ridgemere walitaka goli, na walijua duka liko wapi. Mtu wao mmoja, jitu la miraba minne liitwalo Dion Fehr, alimsogelea mchezaji wetu na kumtega mguu kwa utulivu wa mtu anayebonyeza kengele ya mlangoni. Kisha akajipeleka kizimbani mwenyewe, refa akimfuata nyuma.

Nguvu ya ziada. Marlene alihesabu benchi, akageuka.

"Mwenyekiti, washambuliaji ninao wanne."

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya benchi na koti lake la ngozi. Alimtazama Orest, aliyekaa mwisho wa benchi ameshika gongo.

"Waraka unataka watano," Marlene aliendelea. "Nani mwingine humu ndani ni mshambuliaji aliyeandikishwa?"

Hapo pana jambo la kuelezwa. Viongozi wote wa klabu huandikishwa ligi kama wachezaji, kwa kuwa hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwakatia bima ya safari. Utaratibu huo aliubuni Mwenyekiti.

"Mimi," alisema.

"Umejiandikisha nafasi gani?"

"Mshambuliaji." Alilitamka kama mtu anayemtajia daktari mahali panapouma.

Walimvika mavazi ya akiba. Refa alitazama saa, akatazama theluji dirishani, akasubiri, maana hata yeye hakuwa na pa kwenda. Orest ndiye aliyepiga magoti kumfunga kamba za viatu.

"Inua mguu, Mwenyekiti."

"Orest, nikifika pale nifanye nini?"

"Kifungu cha pili," alisema Orest, akivuta kamba. "Usiruhusu kivuke."

Mwenyekiti aliingia barafuni mara ya kwanza tangu binti yake mkubwa azaliwe. Wenzake wanne walikimbilia golini kwa wageni. Yeye aliishia kwenye mstari wa buluu, kwa kuwa hapo ndipo pumzi zilipoishia. Kutoka pale aliona mambo ambayo kutoka juu ya kiti hayaonekani. Aliona migongo minne ya washambuliaji wake. Aliona kisahani kinapigwa teke na kiatu cha mtu, kinazunguka, kinampita kwa upole. Aliona mchezaji wa Ridgemere anakuja nyuma ya kisahani, mwembamba, mwenye kasi, anatabasamu. Akageuka kuangalia ni nani yuko nyuma, akaona barafu tupu na kipa wetu anamtazama yeye. Wazo likamjia, la kwanza la aina yake msimu mzima, kwamba mahali hapa pangefaa kuwa na mtu.

Alinyoosha gongo. Likaingia katikati ya miguu ya yule kijana. Wakaanguka wote wawili, wakateleza mpaka ukutani.

"Dakika mbili," alisema refa.

"Nilikuwa nakaba," alisema Mwenyekiti akiwa chini.

"Mwenyekiti," Marlene aliita kutoka benchi, kwa sauti ile ile ya siku zote, "unakaba kwa kifungu gani?"

Uwanja wetu ni wa zamani, kizimba ni kimoja kwa timu zote, na msimamizi hukaa katikati ili wafungwa wasipigane. Msimamizi alikuwa Amma Sigga, bibi wa mji mzima, ambaye nyonga zake zilikuwa mbovu lakini macho yake hayakuwa na shida yoyote. Alimfungulia, akamtupia blanketi.

"Karibu, Lorne. Ingiza miguu nifunge."

Dion Fehr alimsogezea nafasi. "Pole, mzee. Ya kwanza huwa inauma."

Sasa pande zote zilikuwa na wanne wanne. Ziada hakuna, na pasipo ziada Waraka hauna la kusema. Marlene hakupoteza muda. "Orest, ingia."

Orest aliingia bila haraka, akasimama kwenye mstari wa buluu kama mtu aliyerudi ofisini kwake na kukuta kiti kiko pale pale. Kisahani kikatolewa pembeni, kikamfuata. Alipiga chini chini, kavu. Kikapita kati ya miguu ya watu na kutua wavuni. Ukumbi mzima ukasimama, na waliobaki wakakaba mpaka kipenga cha mwisho.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kizimbani na blanketi lake. "Imezaa," alisema. "Amma, umeona? Nguvu ya ziada imezaa, na mwelekeo ni sahihi."

"Nguvu ya ziada ipi?" alisema Amma Sigga. "Ziada ni wewe, mwanangu, na umekaa hapa na mimi."

Kikao cha Alhamisi kilianza kwa Mwenyekiti kuwasilisha taarifa ya mafanikio. Alipomaliza, Marlene aliomba nafasi. Alikuwa amekaa katika vikao hivyo msimu mzima na lugha ilikuwa imemkolea.

"Naunga mkono tathmini ya Mwenyekiti kwa asilimia zote," alisema. "Kwa kuzingatia matokeo, imebainika kwamba uwepo wa Mwenyekiti kizimbani una tija kubwa kuliko uwepo wake mahali pengine popote. Amma Sigga anastaafu kwa sababu ya nyonga. Napendekeza Mwenyekiti ateuliwe Msimamizi Mkuu wa Kizimba kwa mechi zote zilizobaki. Waraka uendelee kuheshimiwa. Uwekewe fremu."

Wajumbe waligeuka kumtazama.

"Kuna beji?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ipo. Na koti la ligi."

"Na mamlaka?"

"Mlango wote utakuwa chini yako."

Azimio likapita bila kupingwa. Mwenyekiti alishukuru kwa hotuba fupi, akasema cheo ni dhamana.

Mtoano ulianza Jumamosi, na wapinzani wakawa Ridgemere tena, kwani timu moja ilijitoa na ligi ikawapa wao nafasi yake. Mwenyekiti alifika mapema, koti limepigwa pasi, beji inang'aa. Ukumbi ulijaa. Kipindi cha pili Dion Fehr alicheza rafu, akaingia kizimbani, Mwenyekiti akamfungia mlango kwa heshima zote.

"Mzee, umepandishwa cheo," alisema Dion.

"Tume imeona inafaa."

Nguvu ya ziada ikaanza. Kupitia kioo Mwenyekiti aliona washambuliaji wanne wanaingia, na wa tano, wa nyuma kabisa, alikuwa Orest. Alisimama. Aligonga kioo. Alionyesha vidole vitano, kisha akaonyesha mbele, kisha akajigonga kifuani. Marlene alimtazama, akampungia mkono kwa bashasha. Refa alikuja mpaka kwenye kizimba.

"Msimamizi, una tatizo?"

"Kuna ukiukwaji wa Waraka. Nataka kuelekeza benchi."

"Wewe sasa ni mtumishi wa ligi. Huna timu. Msimamizi wa kizimba haongei na benchi, haonyeshi ishara, hashangilii. Ukirudia nakutoa nje."

"Nani alijua kanuni hiyo?"

"Kocha wenu. Alinipigia simu Jumatano kuuliza."

Refa akaondoka. Mwenyekiti alihesabu siku kichwani. Jumatano ilikuwa kabla ya Alhamisi. Alitazama benchi, akatazama kioo, akatazama beji yake.

"Kaa, mzee," alisema Dion Fehr. "Huku ndani wote tumeshahukumiwa."

Akakaa. Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, alibaki na kazi moja tu, kutazama. Kisahani kilizunguka, kikapotea, kikateleza kurudi upande wetu, na mtu wa Ridgemere akakifuata. Orest alikuwa tayari pale. Alimpokonya bila hata kumgusa, akageuka, akasogea hatua kadhaa, akapiga. Mwenyekiti aliuona wavu unatikisika kabla hajasikia mlio.

Mikono yake ilikuwa imeshapanda nusu. Refa alikuwa anamwangalia. Akaishusha, akaikalia.

Kwa kanuni, goli la nguvu ya ziada likiingia, mfungwa huachiwa huru pale pale. Dion Fehr alisimama na gongo lake.

"Nifungulie, mzee."

Mwenyekiti akamfungulia. Kijana akatoka, akateleza kwenda kwa wenzake. Mwenyekiti akaufunga mlango, akahakikisha umefungika, akabaki ndani.